Asanteni kwa Kujua

Sitaeleza nilivyofika Mwishowe. Njia za kwenda huko ni nyingi, na huenda hata wewe umewahi kupita mojawapo bila kulijua jina lake. Nitaeleza nilichokiona, kwa mpangilio ule ule nilivyokiona, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitasema wazi kwamba sasa ni mimi ninayesema.

Nilikuwa na binti yangu Zawena mgongoni, hajatimiza miaka miwili, nimemfunga kwa kanga. Kitu cha kwanza tulichokutana nacho katika nchi ile kilikuwa shimo. Lilikuwa katikati ya barabara, limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikatumbukia mguu mmoja hadi gotini. Nilipojitoa na kusogea mbele kidogo nikakiona kibao kizuri, kimepakwa rangi, maandishi yamenyooka: HAPO NYUMA PANA SHIMO. Nikadhani kimehamishwa na watoto watundu. Mbele tena nikateleza kwenye udongo wa mfinyanzi, na nilipokwisha kuteleza nikasoma: UMETELEZA. Kisha mbwa akanitoka kwenye ua mmoja, akanikimbiza na mwanangu mgongoni, na pale ua ulipokoma ndipo palipoandikwa: MBWA MKALI.

"Nchi yenu ina vibao vingi," nilimwambia mwanamke kijana aliyekuwa akiteka maji bombani, huku nikikamua upindo wa nguo yangu.

"Vingi, na vyote ni vya kweli," akajibu kwa fahari. "Hutakuta hata kimoja kinachosema uongo."

 Kweli havikusema uongo.

Jina lake lilikuwa Siwatu. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na mumewe alikuwa kwenye machimbo ya chokaa. Aliponiona nina mtoto mdogo na tope mwilini hakuniuliza zaidi. Akanichukua hadi nyumbani kwa bibi yake, Bi Kazija, aliyemlea tangu siku aliyozaliwa, kwani mama yake alifariki siku hiyo hiyo. Nikamiminiwa uji kwenye kikombe cha bati. Nikapiga funda, ulimi ukaungua, machozi yakanitoka. Bi Kazija na mjukuu wake waliningoja nimeze, kisha wakasema kwa pamoja, kwa upole ambao siwezi kuutilia shaka:

"Ni wa moto huo."

Nikacheka nikidhani ni utani wa kukaribisha wageni. Haukuwa utani.

Zawena alikuwa ameshuka mgongoni akatambaa kuelekea jiko la mkaa lililokuwa ukumbini. Nikapiga kelele kama mama yeyote angepiga: "Usiguse! Moto!" Zawena akarudisha mkono. Lakini njia nzima ilisimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita aliziba masikio ya mwanawe kwa viganja. Mwingine alisema "Astaghafiru," akaondoka upesi. Na kabla uji haujapoa akafika mtu mrefu, koti la kahawia, fimbo ya mkwaju kwapani, akajitambulisha kuwa ndiye Ulimwengu wa mtaa ule.

"Ulimwengu?" nikauliza.

"Bwana Ulimwengu. Nimekuja kwa sababu umemwibia mtoto."

"Nimemwibia nini? Mtoto ni wangu."

"Mtoto ni wako, kosa ni lake. Alikuwa analiendea kwa magoti yake mwenyewe, nawe ukamnyang'anya njiani."

Akaketi, akapewa uji, akapuliza (yeye alikuwa mzoefu), akanieleza msingi wa serikali yao. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wazee wa Mwishowe waliitafakari sana methali hiyo wakaona ina walimu wawili, na nchi isiyo tajiri haiwezi kuweka walimu wawili kwenye darasa moja. Ikabidi wachague. Mama akasamehewa kazi. Ulimwengu akaajiriwa, akapewa koti.

"Sasa mama wakianza tena kufunza kichinichini, kama ulivyofanya wewe, mimi nile wapi?"

"Mbona hamkuniambia sheria hii nilipoingia?"

Alinitazama kwa mshangao usio na hila. "Ulipoingia hukuwa umeivunja."

"Basi niambie zilizobaki."

"Utazijua," akasema, akanyanyuka. "Na mama wa hapa hawalalamiki, usije ukadhani. Ni mama gani asiyependa kupumzika?"

Niliwaangalia mama waliokuwa kwenye kumbi za jirani, watoto wao wakichezea mapanga na kingo za visima. Walikuwa wameketi kweli. Lakini mikono yao ilikuwa imekamata pindo za kanga kwa nguvu kana kwamba kanga zitaruka, na sijawahi kuona watu waliochoka kama wale waliopumzishwa.

*

Mbele ya soko la Mwishowe kuna benchi refu la saruji, na hapo ndipo nchi inapoongozwa. Huketi hapo mtu akishapata mjukuu wa kwanza: siku hiyo huvikwa kamba ya katani shingoni, na tangu hapo hatoki tena kwenye heshima. Kazi ya wazee wa benchi ni kutazama. Kijana akipita akielekea pabaya, mzee anayeuona ubaya ule hufunga fundo katika kamba yake, kimya. Kijana akishaanguka, fundo hufunguliwa mbele ya watu, na mzee husema, "Nilijua." Mwenye mafundo mengi yaliyofunguliwa ndiye mwenye hekima, na huketi penye kivuli.

Nilisimama hapo nikaona kazi ikifanyika. Kijana muuza maandazi alipita na baiskeli, gurudumu la nyuma likiyumba kama mlevi. Hata Zawena aliligeukia. Benchi zima lililiona. Aliyeketi katikati, Mzee Ngwali, mkuu wao, mwenye nyusi nyeupe zilizochongwa vizuri, alimsimamisha.

"Shikamooni," kijana akaamkia.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Nyumbani, babu."

"Unakwenda wapi?"

"Kuuza maandazi."

"Mama yako nani?"

Akamtaja. Mzee Ngwali akatikisa kichwa taratibu, akashika kamba yake, akafunga fundo. Na wengine wakafunga. Kijana aliona. Jasho likamtoka; akakagua vifungo vya shati, akapapasa nywele, akachungulia maandazi kama yameungua. Hakukagua gurudumu. Akapanda, akaenda.

Kishindo tulikisikia kutoka mteremkoni. Wakamleta akivuja damu kiwikoni, maandazi yakiokotwa nyuma yake na kuku.

Mzee Ngwali alifungua fundo lake bila haraka, kama mtu anayemenya chungwa mbele ya wageni. "Nilijua," akasema.

"Tulijua!" benchi likaitika.

"Asanteni kwa kujua," kijana akasema, maana ndivyo mtu anavyotakiwa kujibu.

"Umejifunza nini?"

"Nimejifunza kwamba mlijua."

Wakaridhika. Nami, kwa ujinga wa mgeni, nikasogea. "Shikamoo mzee. Ungemwambia tu habari ya gurudumu, ungepungukiwa nini?"

 Mzee Ngwali alinitazama mimi, akamtazama mtoto mgongoni, akafunga fundo.

Siwatu alinivuta kanga mpaka nyuma ya genge. "Mama Zawena! Unaamkia, halafu unauliza? Anayeamkiwa ndiye anayeuliza. Anayeamkia ni wa kujibu tu. Hata watoto wanajua."

"Hamjawahi kuwauliza kitu?"

"Tutawauliza nini? Tukishaanguka wanatuambia."

Nilijifunza baadaye kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Zamani mafundo yalifungwa ndani ya mfuko, kijana asione. Kikaja kikundi cha wapenda mageuzi, nao wakadai kijana ana haki ya kuona anapofungiwa fundo, ila asielezwe la nini. Mjadala ulichukua misimu. Mageuzi yakapita, na bado yanasifiwa. Tangu hapo vijana wa Mwishowe hutembea wakiwa na hofu bila kujua wanaogopa nini. Msichana akifungiwa fundo hurudi nyumbani kubadili gauni, akipita tena wanamfungia la pili, naye hulala na njaa akidhani ni unene. Mjadala wa siku zile nilizokuwapo ulihusu kama "nilijua" itamkwe kwa kupumua kwa nguvu au kwa kutabasamu. Kulikuwa na wasomi pande zote mbili.

Bi Kazija naye alikuwa na kamba, lakini kamba yake ilikuwa nyororo kama ilivyotoka dukani. Hakuwahi kufunga fundo hata moja. Kwa hiyo walimkalisha mwisho wa benchi penye jua, wakamwita bibi kipofu, na watoto walifundishwa kumwonea huruma. Nyumbani alikuwa akimsugulia Siwatu mgongo na kumwimbia Zawena. Nilimpenda. Lakini hata yeye, nilipomwuliza nifanyeje mtoto anapokataa kula, alitazama mlango kwanza, kisha akasema uji umepoa.

*

Asubuhi moja Siwatu alikuja kunywa chai akiwa na uso mwingine. Macho yalikuwa yamezama ndani ya uvimbe kama ya mtu aliyelia, naye hakuwa amelia. Alikuwa akihangaika kuvua bangili, nayo ilikuwa imejizika kwenye nyama ya mkono.

"Kichwa kinanigonga," akasema. "Na hivi vimulimuli mchana kweupe, mmewahi kuviona? Vinapita pita tu."

Mimi nina mtoto mmoja. Nilipokuwa na mimba yake miguu ilivimba, nikaikanda kwa maji ya vuguvugu, ikapona. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimwambie ni uzito tu, shoga, kanda. Ndipo nikaiona mikono ya Bi Kazija. Ilikuwa juu ya kamba. Ilikuwa inafunga fundo, ikaachia, ikafunga tena.

Siwatu hakuona. Alichukua ndoo akatoka.

"Bi Kazija," nikasema. "Umefunga nini?"

"Mtu mzima haulizwi, mwanangu."

"Nimevunja sheria zenu tangu siku ya kwanza. Na hii iingie kwenye fungu. Umefunga nini?"

"Nikisema kabla, nitavuliwa."

"Usiposema?"

 Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake, anavaa cha kulia kushoto.

Tulimkuta Siwatu mbele ya benchi. Alikuwa amesimamishwa. Mzee Ngwali alikuwa amekwisha kumtazama usoni, na mkononi, na miguuni, na alikuwa anafunga. Jirani yake anafunga. Fundo likapita benchi zima kama upepo unavyopita kwenye majani, kila mkono ukienda shingoni. Ndoo ikamponyoka Siwatu, ikabiringika.

"Mmefunga wote," akasema.  "Babu Ngwali, mmefunga nini?"

 Muuza nazi aliacha mbuzi yake ya kukunia.

"Unatoka wapi, binti?" Mzee Ngwali akauliza, polepole, kumrudisha kwenye adabu.

"Si unajua ninakotoka!"

"Unakwenda wapi?"

"Sijui ninakokwenda, babu! Nyie ndio mnajua!"

Bi Kazija akapita mbele yangu. Hakwenda mahali pake penye jua. Alisimama katikati, akaishika kamba yake, akaliinua fundo juu watu walione, fundo lake la kwanza na la pekee, akalifungua. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "Yallah," kwa sauti ya chini.

"Kazija," Mzee Ngwali akasema. "Hajaanguka bado."

"Ndiyo maana nalifungua." Akamgeukia mjukuu wake. "Siwatu, nisikilize, na usilie kwanza. Mama yako alikuwa hivi. Uso huu huu. Bangili haikutoka. Akasema anaona vimulimuli mchana. Akapita hapa, wakamfungia. Mimi nilikuwa sina kamba wakati ule, nilikuwa bado kijana kwao. Nikaja nikapiga magoti hapa, saruji hii inanijua, nikasema niambieni mmefunga nini, ni mwanangu. Huyu babu yako akaniuliza natoka wapi."

"Kazija!"

"Nimemaliza kuulizwa, Ngwali. Kesho yake kifafa cha mimba kikamshika. Akakuzaa hana fahamu, akafa hajakuona. Tulipotoka makaburini yeye huyu alikuwa wa kwanza kufungua fundo. Nikatakiwa kusema asanteni kwa kujua. Nikasema. Na papo hapo, na udongo wa kaburi mikononi, wakanivika kamba, kwa kuwa nimepata mjukuu." Alishika mkono wa Siwatu wenye bangili. "Sasa nakwambia kabla. Huo si uzito. Wakunga ng'ambo ya kilima wana dawa, lakini ni ya mtu aliyewahi. Twende."

Siwatu akaitazama bangili. "Mama alikufa kwa hilo? Waliniambia siku yake ilifika."

"Ilifikishwa," Bi Kazija akasema. "Twende."

Njiani, penye kona ya kinu, Bwana Ulimwengu alikuwa amesimama katikati ya barabara, fimbo mkononi, anahema.

"Mama Kazija, unajua unachokwenda kufanya?"

"Nimeshafanya nusu."

"Nusu si kosa. Siwezi kukushika kwa nusu."

"Basi nizuie."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Niliona swali likizunguka ndani ya koti lile la kahawia. "Kukuzuia," akasema hatimaye, "ni kukuonya."

"Na kuonya?"

"Ni marufuku."

"Basi tupishe, baba," nikasema, nikamhamishia Zawena kiunoni ili Siwatu aegemee bega langu. "Utatukuta tukirudi."

Akatupisha. Siwezi kusema alitupisha kwa hasira.

Mkunga mkuu alitupokea mlangoni akachungulia nyuma yetu. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Huyu anatembea!" Akamsogelea Siwatu kana kwamba ni kitu cha maonyesho. "Samahani, mwanangu. Hatujazoea mtu anayefika hapa akiongea. Huwa wanaletwa." Lakini mikono yake ilijua kazi. Alimpima, akamchoma sindano, akamlaza chumba chenye giza, akatuambia tusizungumze kwa sauti. Bi Kazija alikaa chini ukutani, kamba tupu ikining'inia. Niliketi karibu naye nikimnyonyesha Zawena, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilimwuliza maswali yangu yote: ya mtoto anayekataa chakula, ya mume anayenyamaza, ya jinsi mtu anavyojua kwamba amekosea kabla hajachelewa. Alijibu mengine. Mengine alisema, "Hilo hata mimi lilinishinda, tulitazame wote."

Mtoto alizaliwa kesho yake, wa kike, mdogo kama mkate, analia kama aliyeibiwa. Siwatu alikuwa macho. Walimweka kifuani mwake, naye akamwangalia muda mrefu sana, akimgeuza, akimhesabu vidole, akimwangalia tena.  Bi Kazija alikuwa anamtazama mtu akimwona mwanawe.

*

Hukumu ilisomwa benchini. Mzee Ngwali aliisoma bila kuinua macho. Mshtakiwa, mwenye kitukuu sasa, alikuwa ametoboa siri ya fundo kabla ya wakati, akamnyima kijana mafunzo yake na kuwanyima wazee wenzake heshima ya kujua. Kamba yake ikatwe. Ashushwe utu uzima. Kuanzia siku hiyo yeye ni kijana, tena mdogo wa wote: amwamkie kila mtu barabarani, hata watoto wa kunyonya.

Ni adhabu kubwa kuliko zote walizo nazo. Waliwahi kumpa mzee mmoja, akahama nchi.

"Nimesikia," Bi Kazija akasema. Kamba ikakatwa. Akasugua shingo mahali ilipokuwa ikimkwaruza, akatazama huku na huku amtafute wa kuanza naye, akamwona Zawena mgongoni mwangu. Akainama. "Shikamoo, Bi Zawena."

Zawena akamshika pua.

Wakacheka watu, na wengine wakafunika nyuso kwa aibu. Bi Kazija akashuka sokoni. "Shikamoo," akamwambia muuza nazi. "Shikamoo," akawaambia wasichana wa bombani, nao wakakimbia. "Shikamoo, baba," akamwambia kijana wa maandazi, ambaye kiwiko chake kilikuwa bado kina kitambaa.

Yule kijana alisimama. Niliona anawaza. Ameamkiwa. Na nchi nzima inajua sheria: anayeamkiwa huuliza, anayeamkia hujibu.

"Marahaba," akasema. Akatazama benchi, akatazama baiskeli. "Bibi… gurudumu langu lilikuwa na nini?"

"Nati imelegea. Hata sasa imelegea. Lete spana."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Hakikuwa ghasia. Wasichana wa bombani walirudi, wakasimama kando ya njia atakayopita, kwa kisingizio cha kumwaga maji, wapate kuamkiwa. "Marahaba, bibi. Mtu akikwambia anakupenda lakini usimwambie mtu?" "Huyo anaficha kitu, na kinachofichwa ni wewe. Mwingine." "Marahaba. Mama yangu aliniacha kwa shangazi nikiwa mdogo, alinichoka?" "Nilimjua mama yako. Ukae, hili si la kusimama." "Marahaba, bibi kizee mdogo wangu!" akasema mmoja mwenye utani, "Mzee Ngwali alikuwaje ujanani?" "Aliwahi kutumbukia shimo lile la barabarani siku ya harusi yake, na suti." Soko lililipuka kwa kicheko. Kwenye benchi, nyusi nyeupe zilibaki pale pale.

Na kulikuwa na maswali ambayo alisema, "Hilo silijui." Hapo walisogea karibu kuliko penginepo. Hakuna aliyewahi kusikia mtu mwenye mvi akisema halijui. Kisha wakaanza kulijadili wenyewe, mbele yake, naye akisikiliza.

Bwana Ulimwengu alienda benchini kulalamika. Mzee Ngwali akasema sheria ni sheria. Kijana lazima ajibu anapoulizwa, na Kazija ni kijana. Hakuona njia ya kumwadhibu bila kumrudishia kamba. Na shingoni mwa mzee huyo kulikuwa na fundo la Siwatu, na kwenye kila shingo ya benchi lile. Fundo haliruhusiwi kufunguliwa mpaka kijana aanguke. Siwatu alikuwa akipita kila asubuhi mbele yao na mwanawe mgongoni, uso umepungua uvimbe, bangili inacheza mkononi, anaamkia kwa adabu zote. Waliketi na mafundo yao. Nimeambiwa mzee mmoja wa pembeni ameanza kuonekana jioni akilichokonoa la kwake kwa kucha, huku akimtazama mjukuu wake anayejifunza kupanda mnazi.

Sasa ni mimi ninayesema. Nimesikia huku kwetu pia, kwenye benchi zisizo za saruji, watu wazima wakimtazama binti akipita, wakigongana viwiko, wakisema tuone atafika wapi. Wana majibu, wamekaa juu yake kama kuku kwenye mayai. Nami nitazeeka siku moja. Basi niseme mapema: nitamwibia Zawena kila kosa nitakaloliona kabla yake. Nitamwibia mchana, mbele ya watu, kwa sauti. Yatakayobaki yatamtosha. Na siku atakaponiuliza nilianguka wapi, nitamwonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Nilipoondoka Mwishowe nilipita barabara ile ile. Shimo lilikuwepo, na kibao chake nyuma yake, kweli tupu. Nikamfunga Zawena vizuri mgongoni, nikakishika kile kibao kwa mikono miwili, nikakitikisa mpaka kikang'oka, nikakibeba hadi upande wa pili, upande watu wanakotokea. Nikaanza kuchimba kwa jiwe.

Bwana Ulimwengu alikuwa amesimama juu ya kivuli chembamba cha koti lake mwenyewe, jua la adhuhuri, ananitazama. Hakunizuia, hakuweza. Alipaswa kungoja nimalize, nami nilijua kwamba nikimaliza, mpaka wa nchi uko hatua chache tu mbele yangu. Nikachimba. Nikasimamisha mti wa kibao, nikaanza kurudishia udongo.

"Mama Zawena," akasema.

Sikugeuka.

Akasogea karibu, akatazama barabara juu, akatazama chini, akainama kidogo kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

"Udongo huo ni tifutifu," akasema kwa sauti ya chini. "Usiposhindilia mawe, kitaanguka."

Nikaokota mawe. Na yeye, baada ya kutazama tena kama kuna aliyemsikia, akanisogezea moja kwa ncha ya fimbo.